Moto Mbele ya Mlango

Jumatatu, 14 Julai
Eda, siku ya hamsini na moja. Nimefagia chumba, nimemkorogea binti yangu Rehema uji. Nje, Swaibu, mdogo wa marehemu mume wangu, amewasha tena moto wake kwenye shimo lililochimbwa wakati wa matanga. Hatua tatu kutoka mlangoni. Wanaume wanakaa hapo, wanachemsha chai. Moshi wote kwangu. Mlango wa nyuma umezibwa na magunia ya kahawa. Madirisha yana nondo. Nimefungwa.

Jumanne, 15 Julai
Amewasha kwa petroli. Kutoka kwenye chupa ya maji, kama anamwagilia mboga. Moto uliruka hadi kifuani pake. Wakacheka. Nimepika shuleni Kinyamaseke miaka minane, sijaona upuuzi kama huu. Namchukia.

Jumatano, 16 Julai
Nimemwomba mama mkwe awaambie wasogeze shimo. Waweke maji na mchanga karibu. Waondoe turubai la matanga pale barazani. Wasiache moto peke yake. Amesema mwanamke wa eda hapangi mambo ya nje.
Naogopa.

Ijumaa, 18 Julai
Wanaume walienda msikitini, mama mkwe sokoni Mpondwe. Moto waliuacha ukiwaka.
Upepo ukashuka kutoka mlimani. Cheche zikaingia kwenye turubai, likashika. Mlango ukajaa moshi. Rehema anakohoa, amenishika gauni. Nililoweka blanketi kwenye beseni, nikajifunika naye, tukatoka. Nikamwacha kwenye migomba, nikarudi. Nikavuta turubai kwa mkono. Mchanga, maji, mchanga tena. Nikakoroga majivu mpaka yakaacha kufuka.
Waliporudi walinikuta nimekaa chini, kichwa wazi. Mama mkwe akaanza habari za aibu. Nilimwambia Swaibu, mbele ya wote: "Shemeji, moto ikae mbali na nyumba, hatua kumi. Na petroli, hapana tena."
Hakunitazama.

Jumapili, 20 Julai
Mkono umevimba. Bado niko ndani; eda ni eda. Swaibu amefukia shimo, amechimba jingine kule karibu na barabara. Magunia ameyatoa.
Mchana mama mkwe aliingia na maji safi na dawa ya kliniki. Akaosha mkono wangu polepole, akaufunga.
Kisha akasema, "Nimebaki na mutoto mumoja tu. Naogopa kumugombeza."
Nilimsogezea mkeka. Tulikaa hivyo, yeye na mimi, mpaka adhana ya alasiri.