Simu Ninayomnyima Mume Wangu

Kasaji, Jumapili. Mvua tangu alfajiri.

Leo sikwenda misa. Nilimwambia mume wangu tumbo linanisumbua. Uongo mtupu. Ni magoti.

Kosa ni letu wawili. Maisha yote tulikaa Musonoi, mgodini, katika nyumba ya kampuni ambayo mwishowe tuliachiwa iwe yetu, hatukuwahi kujenga hata banda la kuku. Alipostaafu tukaja huku kwao, wakati wa kiangazi. Tukafyatua matofali bondeni, kwenye udongo na maji, na kwa uvivu wa kuyabeba tukajenga papo hapo. Jua lilikuwa kali, magoti yametulia. Mimi mwenyewe nilisema hapa ndipo tutakapozeekea.

Hakuna aliyefikiria mvua za Januari. Sasa sakafu inatoa maji, na asubuhi nashuka kitandani nikishika ukuta.

Lakini yeye amepona. Kule, vumbi la mgodi lilimkohoza hadi machozi. Huku analima mihogo huku akipiga mluzi. Nikilalamika, atafunga mizigo siku hiyo hiyo, namjua. Kwa hiyo nimenyamaza, na kunyamaza kunanichosha kuliko maumivu yenyewe.

Mchana binti yetu alipiga simu. Anataka kuhamia nyumba ya Musonoi na watoto wake, ila kwanza awe na uhakika kwamba sisi hatuirudii. Mume wangu akanipa simu nijibu mimi.

"Ingia na batoto bako," nikamwambia. "Shiye hatutarudia."

Mzee akacheka kwa furaha. Mvua ilikuwa imepungua, akaniita nje nikaone mihogo ilivyokua.

Sikuweza kuinuka.

Nilijaribu mara ya pili, nikabaki pale pale kwenye kigoda. Kicheko kikamkauka. Akachuchumaa, akaweka mikono yake juu ya magoti yangu yaliyovimba.

"Mama, uko naumwa tangu siku gani?"

Niliona aibu kama mtoto aliyeiba sukari.

"Leta telefone. Mi naambia mutoto tunarudia."

Sikumpa. Simu ni moja tu nyumbani, na ndiyo hii ninayoandikia. Ameiomba mara mbili. Sasa amekaa mlangoni, ananisubiri nimalize, anapumua vizuri kabisa, na mimi natafuta sentensi nyingine ya kuandika.