Silinda Sita na Pipa la Nyuma ya Gereji

Shangazi mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo mume wangu anakwenda kuchukua injini na moyo wangu hautaki kabisa. Yeye ni fundi, mimi ndiye dereva, gari letu la mashindano tumeliunda wenyewe, jepesi, linapinda nitakavyo, ila injini imechoka na inakula oili, basi mume wangu akaona silinda sita iliyotolewa kwenye gari kubwa lililopata ajali, bei poa, akaisikia ikinguruma bila ekzosi, akarudi nyumbani haambiliki. Juzi, ili tujue gari litaubebaje uzito ule, alifunga magunia ya mchanga puani mwa gari, nikaendesha kwenye kiwanja cha nyuma ya gereji, nikakata kona, gari likanyooka tu kama halijanisikia mpaka likagonga pipa la maji. Mume wangu akasema, "Mama watoto, umeanza uoga," na shemeji yangu, mdogo wake, akadakia kwa upole eti yuko tayari kunipumzisha. Shangazi, usukani ule ndio furaha yangu, nikisema injini siitaki nitanyang'anywa, nikinyamaza nitaingia nayo kwenye kona ya mashindano, na huko hakuna pipa, kuna ukuta. Je, kweli nimekuwa mwoga?

Marahaba mwanangu, na pumua. Huna uoga wowote. Gari lililolemewa puani halipindi, hata ashike nani. Magunia yale mumeo aliyafunga ili yampe jibu. Yamempa, hakulipenda, akakutwisha wewe lawama. Nimeolewa na fundi miaka mingi, oili imefika mpaka kwenye mto wa kulalia, naujua ugonjwa wao: injini ikinguruma bila ekzosi, hesabu zote zinawatoka.

Na hiyo bei poa isiwadanganye. Silinda sita itadai giaboksi nyingine, rejeta kubwa na breki mpya, halafu itakunywa mafuta bila huruma. Tafuteni silinda nne yenye tabo ya kuisukumia hewa, ya magari madogo yaliyojaa mtaani. Ni nyepesi, nguvu yake itawatoa wenzio jasho, na spea ziko kila duka. Ila ipozwe vizuri, hapo msibanie.

Nawe una kosa lako. Unamfichaje hofu mtu anayekufungia mkanda? Kesho asubuhi, magunia yakiwa bado puani, mpe ufunguo. Usibishane. Mwambie tu, "Baba watoto, hebu nionyeshe," kisha usimame mbali na pipa.

Kwa kuwa Jumamosi ilikaribia, jibu hili nilimsomea kwa simu kabla ya kulichapa. Siku mbili baadaye nikapata ujumbe: "Shangazi, pipa halifai tena. Ametoka garini akicheka mpaka akakaa chini, halafu akaniomba radhi, akafungua magunia mwenyewe. Shemeji ametumwa kutafuta silinda nne. Usukani ninao, na jana nimelala usingizi wa kweli."