Panzi wa Baba

Kaka yangu,

Huku tunaendelea vizuri, ila paa la jiko linavuja na cherehani yangu imegoma tena. Rambirambi zako zimefika.

Mkono wa kushoto wa Baba ulipopooza, alitaka kazi moja tu: kukunja panzi kwa karatasi moja isiyokatwa. Mchoro wake ulikuwa mistari mitupu, myekundu ya kukunja kwa nje, ya bluu ya kukunja kwa ndani, bila neno hata moja. Yeye alibana kwa mkono wa kulia, mimi nikamsaidia kwa wangu wa kushoto. Tulikosea, tukacheka, tukakunjua, tukaanza upya.

“Huyu ni wa Panzi wangu,” alisema, kama alivyokuita utotoni. “Akija, ajue sina kinyongo naye.”

Kila gari liliposimama nje aliuliza, “Ndiye?”

“Bado, Baba.”

Siku ya kumi na tisa ya kukunja, pumzi zilianza kumwishia. Gari likasimama.

“Ndiye?”

“Ndiye, Baba. Anavua viatu.”

Akatabasamu, akafumba macho, basi.

Mguu wa sita wa panzi niliukunja peke yangu baada ya mazishi. Njoo umchukue. Yeye alikusamehe, Kaka. Mimi najaribu, bado sijaweza.

Ni mimi, mdogo wako.