Mwizi Hapekui Taka

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi kimeshakuaga. Shemeji naye hajambo? Huku sote wazima. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, lakini ulimi wake hauna maradhi yoyote. Mimi mdogo wako nipo, nimekonda kidogo, na sababu utaisoma hapa chini.

Unaikumbuka laptopu ya chumba cha cherehani. Ilizeeka hadi Mama akiiwasha anakata kola mbili ndipo ifunguke. Nikamwambia aniachie mimi: nitatoa diski ya zamani, nitaweka mpya na mfumo mpya, na hakuna kitakachopotea. Alinitazama juu ya miwani akaniuliza kama nina hakika, maana humo mna vipimo vya wateja wake wote wa miaka kumi na mmoja, na madaftari ya zamani alishayachana akakatia mifano ya shingo na mikono. Nikamjibu kwamba kwangu hilo ni jambo dogo kama kunywa maji. Mdomo huu, Dada!

Jumamosi nikakopi kila folda na kila picha kwenye flashi, nikahakikisha mara mbili. Kisha nikaona lile pipa la taka la kwenye kioo, vinakokwenda vitu vilivyofutwa, limejaa pomoni. Nikalimwaga, maana nani anahama na takataka zake? Nikafungua skrubu, nikabadilisha diski, nikaweka mfumo, nikarudisha mafaili. Laptopu ikawaka kufumba na kufumbua. Nikamwita Mama aje aone maajabu.

Mama hata folda hakugusa. Alikwenda moja kwa moja kwenye pipa la taka, akalikuta tupu, akakaa kitako kwenye kiti cha wateja. Kumbe miaka yote hiyo kila asubuhi anavitoa vipimo kwenye pipa, na jioni anavitupa tena humo ili vilale salama! Sisi tuliokua tukimwona akificha funguo na pete chini ya vitambaa chakavu kwenye kapu la taka, akisema mwizi hapekui taka, mimi nilisahauje? Aliniuliza tu awaambie nini wanakwaya arobaini ambao sare zao anaanza kuzikata wiki ijayo. Heri angenitukana.

Nilikimbia kwa Kipara, fundi kompyuta wa mtaa wa nyuma. Akaniuliza swali moja: je, tangu nimwage pipa, nimeandika chochote kwenye diski ya zamani? Nikamwambia iko kabatini ndani ya soksi, sijaigusa tangu niitoe. Akacheka, akasema uvivu wangu umeniokoa, kwani kilichofutwa hubaki palepale mpaka kingine kiandikwe juu yake, kama chaki kwenye kitambaa ambacho hakijafuliwa. Programu yake ikachokonoa siku mbili nzima. Ikarudisha mafaili mia tatu na kumi na mawili, ila bila majina, namba tupu.

Hapo nilimvulia Mama kofia. Nilimsomea vipimo, naye akawataja wenyewe. Kifua hiki na mkono huu ni wa mwalimu mkuu. Kiuno kile ni cha muuza maua, kabla hajazaa mapacha. Wanakwaya wote arobaini wakapatikana, hadi yule wa sauti nene ambaye alidanganya kuhusu kiuno chake. Tulicheka mpaka miwani ikamtoka.

Kisha nikafungua faili la mtu mmoja tu, mstari mmoja kwa kila mwaka. Mama akaniambia hilo niliache, akaenda kuchemsha maji ambayo hakuna aliyeyataka. Nikalisoma. Mistari sita ya miaka sita tangu uondoke, na pembeni ya kila mmoja ameandika: nimekisia kwenye picha. Juu kabisa: bega la kushoto limeshuka kidogo. Dada, bega hilo nalijua. Nilikuwepo siku ulipoanguka ukutani ukichungulia kwa jirani.

Sasa nami niungame. Picha ulizonitumia ukanikataza nisimwonyeshe Mama, nimemwonyesha zote. Na nilipokuandikia kwamba Mama haulizi habari zako, nilikupa nusu ya ukweli. Haulizi, lakini huomba simu yangu, akakuza picha yako kwa vidole, akanirudishia simu. Nilidhani anatafuta kasoro. Na kwenye kabati lake, nyuma kabisa, kuna magauni sita ndani ya mifuko. Siku zote ameniambia ni ya mteja aliyechelewa kuchukua. Nisamehe, nilikuwa mjinga.

Najua maneno mliyotupiana siku uliyokataa kurithi cherehani yake, ukaondoka. Wala Mama hajanituma, hata hajui kwamba nakuandikia. Ila chini ya ile mistari sita kuna wa saba, wa mwaka huu, na hauna namba hata moja. Ameandika tu: picha haitoshi, aje nimpime.

Msalimie sana shemeji. Kipara naye anakusalimu, ingawa hamjuani. Vipimo sasa viko sehemu tatu, mojawapo pipani, kwa sababu Mama amegoma kuhama. Nijibu haraka, Dada, lakini safari hii usitume picha.

Mdogo wako akupendaye,
Profesa wa Skrubu