Nilicheka Pamoja na Darasa

Mpendwa Lalla Rabha,

Nishike mkono dada yako, maana jambo hili linanila roho na mume wangu ananiambia nimelikuza. Mimi ni mwalimu wa jiografia kwenye sekondari ya wasichana hapa Beni Mellal, na darasani kwangu kuna binti anaitwa Itto, katoka milimani, lugha ya kwao ni Kiamazighi nasi tunafundisha kwa Kiarabu, na tangu aje hakuwahi kunyoosha mkono, nikimuuliza anainamisha kichwa, nami nikajua ni mvivu tu, kumbe majibu mazuri niliyokuwa namsifia jirani yake Ghizlane, ni Itto aliyekuwa akimnong'oneza.

Nilijaribu, Lalla, nikaahidi alama kwa wanaojibu, wakazichukua wasemaji walewale, basi nikaona dawa ya moto ni moto, siku moja nikamwambia, "Itto, simama, leo hukai mpaka tusikie sauti yako." Nikamuuliza kwa nini chemchemi hukauka kiangazi. Akasimama, akaanza kujibu, tena vizuri, lakini katikati neno la chemchemi likamtoka kwa lugha ya kwao, na msichana mmoja wa nyuma akasema, "Jamani, mbuzi wameshuka mlimani!" Darasa zima likaangua kicheko, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka. Sikukusudia, kilinitoka tu, lakini Itto aliniangalia mimi, wenzake wala hakuwatazama, kisha akaketi.

Baada ya kipindi nikamfuata mlangoni. "Usiogope, mwanangu."

"Siogopi, mwalimu. Nimechoka."

Tangu hapo hajaja, na Ghizlane naye siku hizi hajibu kitu. Juzi nikakutana na mama yake Itto hamamu, kwenye bafu la umma, akanishika mkono mbele ya wanawake wote: "Mwalimu, mwanangu nyumbani alikuwa anaongea mpaka tunamwambia apumue. Leo hata kuomba chumvi haombi. Mmemfanya nini huko?" Nikatoka hata sabuni sijaimaliza mwilini. Nasikia baba yake kasema baada ya likizo harudi tena shule. Nifanyeje?

Mwalimu mwenye majuto

*

Mwalimu, pole. Nimeshasema pole, sasa nisikilize.

Huyo uliyemwita mvivu alikuwa anafanya kazi mbili kwa pamoja: kukujibu wewe, na kuuficha ulimi wake usichekwe. Wewe ukamvua nguo mbele za watu ukaita kumsaidia. Wale wasichana ni watoto, kicheko chao kingepita. Chako hakikupita, kwa sababu alipokuangalia alikuwa anamtafuta mtu mzima, akamkosa.

Halafu hamamu ukamkimbia mama wa watu! Haya, sasa utamwendea mwenyewe, na usingoje likizo. Beba sukari, ile ya donge refu tunayopelekeana kwa heshima. Kunywa chai watakayokupa, kisha mwambie Itto mbele ya wazazi wake: "Nilikucheka. Nilikosea." Usitie "lakini". Baba akikufokea, nyamaza. Ulidhani kunyamaza ni uvivu. Kaone kulivyo kuzito.

Maneno hayohayo kayaseme darasani, Itto awepo asiwepo. Na huko kusimamisha watu kama mwizi sokoni kukome leo. Ukiuliza swali, funga mdomo uwape nafasi ya kufikiri, mwalimu, sio unameza jibu la mtoto kabla hajalitafuna. Waache wazungumze kwanza wawili wawili, ndipo mmoja awaambie wengine. Neno likikosekana kwa Kiarabu, liletwe kwa lugha ya nyumbani, darasa zima lisaidie kulitafsiri. Kwenu hapo mlima uko karibu; aibu gani kujifunza jina la chemchemi? Na Ghizlane mwite pembeni, hana kosa, naye kampoteza rafiki.

Sitakudanganya kwamba utaisikia sauti yake. Huenda akarudi akakaa kimya mpaka mwaka uishe, na hiyo ni haki yake, mradi yupo darasani, anasoma. Huenda hata asikusamehe.

Nenda hivyo hivyo.

Lalla Rabha