Takia la Bibi na Nyuzi za Mashine ya Kufulia

Jumatano, tarehe 14 Mei

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, na ninaahidi kukueleza kila kitu, hata yale yanayonifanya nionekane mjinga. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari na nyumbani kwetu tuna duka la kufulia nguo, lenye mashine mbili ambazo ni za bibi yangu ingawa mama ndiye anayefua, na muhula uliopita mwalimu wa sayansi alitufundisha kwamba nguo za polista ni plastiki, na kila zinapofuliwa humwaga nyuzi ndogo mno ambazo hupita mtaroni hadi baharini zikaliwa na samaki, basi nikamwomba mama ruhusa, nikafunga soksi ndefu ya nailoni, ile nyepesi ya kike, kwenye mdomo wa bomba la maji machafu.

Soksi haikamati zote, lakini kila jioni nilikuta tope laini la kijivu, nikalianika kwenye sinia mpaka likawa kama pamba, na lilipojaa mfuko nikampelekea fundi makochi jirani yetu, akalibonyeza akasema, "Binti, hii inakalika," akanishonea takia.

Hapo ndipo nilipoharibu. Bibi hukaa kaunta akipokea nguo na mgongo unamsumbua, kwa hiyo nilimwekea takia kitini, na aliponiuliza ni pamba gani nikajibu, "Ni nzuri, bibi." Mshauri, bibi yangu hawezi kukalia kiti alichokalia mgeni bila kukipangusa mara mbili! Sasa anawatangazia wateja, "Mjukuu wangu kanipa mgongo mpya," na mama anageukia ukutani akicheka, kisha ananinong'oneza, "Siku bibi yako akijua amekalia soksi za mtaa mzima, mimi simo."

Jana bibi alisema mwisho wa mwezi, tukifunga duka kwa usafi, atalifumua takia, aifue pamba yake na kuianika. Akifanya hivyo nyuzi zote zitaishia mtaroni nilikozizuia zisifike, na nikimwambia ataona kinyaa, pengine aamuru soksi yangu ifunguliwe, maana mashine ni zake na neno lake ndilo la mwisho. Tafadhali nijibu upesi: nimwambie bibi ukweli, na kama ndiyo, nianzie wapi?

Mimi, mjukuu mwenye wasiwasi

Binti yangu,

Pole, na hongera kwa soksi. Sasa nikugombeze kidogo. Umeulizwa pamba gani, ukajibu "nzuri." Hilo lilikuwa jibu la swali lipi? Anayekalia kitu ana haki ya kujua anakalia nini.

Mwambie kabla hajashika mkasi, na usianze na samaki. Anza na mgongo wake: muulize kama takia limemfaa kweli. Kisha mshike mkono, mpeleke nyuma ya mashine, fungua soksi mbele yake aone kinachobaki. Mtu anayepangusa kiti mara mbili hatapenda kusikia kwamba duka lake linamwaga uchafu kwenye maji ya wengine, kwa hiyo huhitaji kumhubiria. Omba radhi, unyamaze, umpe nafasi aseme lake. Akikataa kulikalia, usinune. Mtafutie pamba ya kawaida, ila umwombe soksi ibaki.

Akikubali, rudi kwa fundi makochi. Nyuzi zifungwe kwenye kitambaa kizito kisichofumuliwa wala kufuliwa, juu yake foronya yenye zipu, na hiyo foronya ndiyo bibi aifue apendavyo, hata kila siku. Takia likae mbali na moto, maana nyuzi hizo hushika haraka. Na usiache soksi ijae, maji yasije yakafurika dukani ukampa bibi sababu nyingine.

Mama yako naye mwambie hivi kutoka kwangu: "mimi simo" haikubaliki. Alitoa ruhusa, basi asimame nawe, uso kwa bibi, mgongo kwa ukuta.

Ukimaliza, niandikie bibi amesemaje. Na uanze kukusanya nyuzi za takia la pili umpelekee fundi, kwa sababu kiti changu hapa ofisini ni kigumu kama jiwe, na mimi tayari najua nitakalia nini.