Mkono Wako kwa Angstromu

Shangazi yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, mwaka wa pili sasa tangu tukuzike, lakini nikianza barua bila shikamoo utasema ualimu umeniharibu.

Juzi nilikuwa nafundisha kubadili vipimo vya urefu. Nikawaambia wanafunzi kwamba zamani mikono miwili ya kitambaa ilikuwa yadi moja. Mmoja akauliza, "Mkono wa nani, mwalimu?" Nikajikuta nimejibu, "Wa shangazi yangu." Darasa zima likacheka, na mimi nikageukia ubao ili wasinione machozi.

Unakumbuka ruksa ya kuuza bidhaa za nje ilipoingia? Foleni za duka la ushirika zilikwisha, na majora ya vitambaa yakajaa mnadani Ikungi mpaka watu wakaanza kuchagua rangi. Wewe ulipima kama alivyopima bibi, kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na mwisho unaachia kidogo kwa kumwonea mtu huruma. Kisha wakaja vijana na fimbo zao za mita. "Mkono wa mtu si kipimo, mama!" walikupigia kelele mbele ya wateja wako. Wateja wakaanza kukuhama. Nilikuwa likizo ya kidato cha tatu, nimekushikia jora, na iliniuma kuona uso wako ulivyonywea siku ile.

Tuliporudi nyumbani ukaniuliza, "Huko shuleni, kipimo kidogo kuliko vyote mlichofundishwa ni kipi?"

Nikakuambia ni angstromu, wanapimia atomu zisizoonekana kwa macho, na mita moja ina angstromu bilioni kumi.

"Basi nipimie mkono wangu kwa hiyo. Wao wana mita tu."

Ulinyoosha mkono mezani, umejikaza kama unachomwa sindano. Rula ikasema sentimita arobaini na saba, zaidi ya nusu yadi kwa sentimita moja na kitu. Kila sentimita, angstromu milioni mia moja. Nikazidisha kwa mkaa sakafuni, nikaandika kwenye boksi la sabuni: MKONO WA HAPA = ANGSTROMU 470000000. Ukalitundika mnadani. Watu walikuja kushangaa tarakimu, wakaondoka na vitambaa. Sijawahi kujivuna vile maishani.

Nilipofika kidato cha tano ndipo nikazihesabu upya zile sifuri. Ilipungua moja. Kwa hesabu yangu mkono wako ulikuwa sentimita nne na ushee, mfupi kuliko kidole chako cha mwisho! Nilitamani ardhi ipasuke. Nikakuwazia umekaa chini ya uongo wangu, umeuamini, na kila aliyesoma anakucheka akipita.

Sikukuambia. Likizo zote zilizofuata nilitafuta visingizio, mara kichwa, mara kufua, nisikanyage mnadani. Siku moja ukaniuliza taratibu, "Mwanangu, unaona aibu?" Nikadhani unasema aibu ya kubeba majora, aibu ya kuonekana na wewe. Nikanyamaza. Ukafa sijakujibu, na hilo ndilo limekuwa likinikaba.

Mwezi uliopita binti yako Mwanaidi aliniletea lile boksi, amelifunga kwenye kanga yako ya kijani. Nililifungua nikiwa nimejiandaa kuaibika. Sifuri zangu saba zipo, zimefifia. Na baada ya ile ya mwisho kuna kifungo cheupe cha shati, kimeshonwa kwa uzi mweusi, imara.

Mwanaidi akanieleza. Nilipokuwa shule kidato cha tano, kabla sijarudi likizo, mwalimu mmoja alipita mnadani, akasoma, akakuambia kuna sifuri imepotea. Ukacheka naye, ukachukua sindano hapohapo. Mwanaidi akataka kuniandikia, ukamkataza: "Usimwambie. Ana mtihani."

Kwa hiyo uliponiuliza kama naona aibu, ulijua ni aibu ya nini. Ulikuwa unanipa nafasi ya kusema, nami nikakaa kimya kama mjinga.

Basi nakujibu leo. Ndiyo, Shangazi, niliona aibu, ila ya sifuri. Wewe sikukuonea aibu hata siku moja.

Boksi nimelitundika darasani. Wanafunzi huhesabu sifuri kwa kidole, saba, halafu husita. Nawaambia waendelee, kifungo nacho kinahesabiwa.

Pumzika, Shangazi.

Mtoto wa kaka yako, mpimaji wako wa angstromu